Vidonge vya Damu Unameza, Damu Haipandi: Iangalie Vitamini A

Kliniki wamekupa vidonge vya chuma. Umevimeza mwezi mzima bila kuruka siku, choo kimekuwa cheusi kama ulivyoambiwa, na bado ukirudi kupimwa unaambiwa damu ni tisa na nusu, ileile ya mwezi uliopita. Muuguzi anakutazama kwa shaka: "Mama, kweli unavimeza?" Unavimeza. Jirani anakushauri juisi ya rosela, shemeji analeta maini, na mwenye duka la dawa ana chupa ya maji mekundu ya kuongeza damu. Hakuna aliyekuuliza wiki hii umekula mboga gani na imepikwaje, wala kama siku hizi giza likiingia unajikwaa kwenye kigoda ambacho wengine wanakiona.

Mwongozo huu ni wako, na ni wa yeyote anayepika kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, msichana wa shule au mjamzito. Dai langu ni moja. Chuma ni malighafi tu, na mwili uliopungukiwa vitamini A hushindwa kuitumia malighafi hiyo hata ikiwa imo tele ndani yake. Kwa wengi wetu vitamini hiyo ipo jikoni na sokoni, kwa bei ya chini kuliko ile chupa ya maji mekundu.

Kinachotokea ndani ya mifupa

Chembe nyekundu za damu hutengenezwa kwenye uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa. Kwa mtu mzima mwenye afya, uboho hutoa karibu chembe milioni mbili kila sekunde. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huivunja na kuchukua chuma chake ili kitumike tena. Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi hawaijui. Kutengeneza damu mpya kunahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku, lakini kinachoingia kupitia utumbo ni miligramu moja au mbili tu. Kingine chote hutoka ndani: kwenye chembe zilizozeeka na kwenye akiba iliyo ndani ya ini na wengu. Kwa hiyo swali la damu si "nimekula chuma kiasi gani" peke yake. Ni pia "chuma nilichonacho kinatoka na kufika kwenye uboho?"

Vitamini A inaingia kwenye kazi hii kwa njia zaidi ya moja. Mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki, ambayo huziamuru jeni ziwake au zizime. Figo, zinapohisi hewa ya oksijeni imepungua kwenye damu, hutoa homoni iitwayo erithropoietini, na hiyo ndiyo inayouambia uboho uongeze kazi. Jeni ya homoni hiyo ni mojawapo ya zile zinazoitikia vitamini A. Ndani ya uboho wenyewe, chembe changa zinaihitaji ili zikomae. Na kwenye ini na wengu, vitamini A ikipungua chuma hubaki palepale kilipohifadhiwa. Mtu anakuwa kama familia yenye ghala lililojaa mahindi huku funguo zimepotea: watoto wanalala njaa na magunia yapo.

Kuna njia nyingine, na kwa nchi zetu huenda ndiyo kubwa. Vitamini A hulinda ngozi laini ya ndani ya koo, mapafu na utumbo, na huimarisha kinga. Ikipungua, mtoto anaugua ovyo: kifua, kuhara, masikio. Kila anapougua, ini hutoa homoni nyingine, hepsidini, ambayo hufunga milango ya chuma kwenye utumbo na kwenye akiba. Mwili hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu vijidudu navyo vinataka chuma. Lakini kwa mtoto anayeugua kila wiki mbili milango hiyo haifunguki vya kutosha, na damu inashuka polepole bila mtu kuona kilichoishusha.

Wataalamu wa Venezuela waliwahi pia kuonyesha kwamba vitamini A ikiliwa pamoja na nafaka, utumbo hufyonza chuma zaidi. Wengine waliporudia jaribio hilo hawakupata matokeo hayo. Mimi siliwekei uzito, na huhitaji kulitegemea ili mengine yote yasimame.

Ushahidi: West Java na Bagamoyo

Nisingekuandikia haya kama yangekuwa nadharia ya vitabuni tu. Mwaka 1993 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa West Java, Indonesia, kwa wajawazito 251 wenye upungufu wa damu. Waligawanywa makundi manne kwa wiki nane: wengine walipewa vitamini A tu, wengine chuma tu, wengine vyote viwili, na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa chuma tu, asilimia 68 walipona upungufu wa damu. Waliopewa vitamini A tu, bila chembe ya chuma cha nyongeza, asilimia 35. Waliopewa vyote viwili walipona asilimia 97. Kundi lisilopewa kitu, asilimia 16. Angalia tofauti kati ya 68 na 97. Hao ndio akina mama wanaomeza vidonge vya chuma kwa uaminifu na kuambiwa hawamezi.

Kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwachukua wanafunzi 136 wa miaka 9 hadi 12 wenye upungufu wa damu katika wilaya ya Bagamoyo. Kwa miezi mitatu walipewa virutubishi kwa mpango huohuo wa makundi manne. Watoto waliopata vitamini A peke yake walipanda kwa wastani wa gramu 13.5 za himoglobini kwa lita, yaani pointi moja na theluthi hivi kwa namba unazosomewa kliniki. Wasiopata kitu walipanda gramu 3.5 tu. Waliopata vitamini A pamoja na chuma ndio waliopanda kuliko wote, na uzito wao pia uliongezeka. Hawa si watoto wa mbali. Ni watoto wa ugali na samaki wa pwani, wenye malaria na minyoo kama wengine.

Na huko Moroko, utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha lile jambo la akiba waziwazi. Watoto waliopewa vitamini A walipandisha himoglobini na erithropoietini, huku feritini, kipimo cha chuma kilichohifadhiwa, ikishuka. Jumla ya chuma mwilini haikubadilika. Kilihama tu, kutoka kwenye akiba hadi kwenye damu.

Nani ashuku, na kwa dalili gani

Upungufu wa damu wenyewe unaujua: uchovu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, kizunguzungu, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe. Dalili hizo hazikuambii sababu. Ili kuishuku vitamini A, tafuta mambo mengine yanayoandamana nazo.

La kwanza na la maana kuliko yote ni macho wakati wa magharibi. Mtoto aliyekuwa akicheza uani jua likiwa juu, giza likianza anakaa kimya karibu na ukuta, anapapasa kutafuta sahani yake, au anamshika mama nguo asimwachie. Wazazi wengi husema "mtoto huyu mwoga wa giza". Mwulize mjamzito naye: katika mimba hii, au iliyopita, aliwahi kushindwa kuona jioni huku mchana anaona vizuri? Swali hilo halina gharama na ni miongoni mwa maswali bora kuliko yote katika jambo hili. Baadaye jicho hukauka, hupoteza mng'aro, na kwenye sehemu nyeupe huweza kutokea kidoa cha kijivu chenye sura ya povu la sabuni. Ukiona hicho, usisubiri siku ya kliniki, mpeleke mtoto siku hiyohiyo. Jicho lenye kidonda cha ukavu linaweza kupofuka ndani ya siku chache.

Dalili nyingine ni za historia kuliko za mwili. Mtoto ametoka kuugua surua, ugonjwa unaokomba vitamini A mwilini kwa kasi, na ndiyo maana watoto wenye surua hupewa dozi zake hospitalini. Mtoto anaharisha mara kwa mara. Nyumba inakula ugali mweupe na mboga ya kuchemsha bila mafuta, au wali na maharage siku saba za wiki. Mtoto aliacha kunyonya mapema. Msichana ana hedhi nzito na chakula chake cha mchana shuleni ni makande yasiyo na mboga.

Usitegemee sana maabara kukupa jibu la vitamini A. Kipimo cha retino, yaani vitamini A yenyewe, kwenye damu hakipatikani katika vituo vingi, na hata kikipatikana hushuka mtu anapokuwa na homa, hivyo kinaweza kudanganya. Kipimo cha picha kamili ya damu kinapatikana, na kinafaa. Omba kusomewa si namba ya himoglobini tu bali pia MCV, yaani ukubwa wa chembe. Chembe ndogo huelekeza kwenye upungufu wa chuma, au magonjwa ya kurithi ya himoglobini kama thalasemia. Kama kuna uwezo wa kupima feritini, matokeo yenye damu chini na feritini ya kawaida au juu yanasema chuma kipo lakini hakitumiki. Hapo daktari atafikiria maambukizi na magonjwa sugu, na wewe mkumbushe kwa adabu habari ya chakula na macho.

Namba zenyewe, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani: mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa ana upungufu akiwa chini ya 12, mwanamume chini ya 13, mtoto wa miaka miwili hadi minne chini ya 11, wa miaka mitano hadi kumi na moja chini ya 11.5. Mjamzito ni chini ya 11, isipokuwa miezi ya katikati ya mimba ambapo kiwango ni 10.5. Mjamzito au mtoto mdogo akiwa chini ya 7, hiyo ni hatari. Mpeleke hospitali mara moja. Usikae nyumbani kutafuta mboga.

Chungu na sufuria

Sasa tuje mahali ambapo uamuzi ni wako. Vitamini A ipo kwa sura mbili. Ile iliyokamilika, retino, ipo kwenye vyakula vya wanyama: maini, mayai, maziwa yenye mafuta yake, samaki wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao. Ile ambayo mwili unapaswa kuigeuza kwanza, beta-karotini, ipo kwenye mboga za kijani iliyokolea na vyakula vya rangi ya chungwa. Kugeuza huko kuna hasara. Kwa kawaida mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula hutoa mikrogramu moja tu ya retino. Ndiyo maana upishi una maana kubwa.

Chukua matembele. Kuna desturi imeshika sana siku hizi: unachemsha majani, unachuja, unakunywa yale maji ya zambarau kama dawa ya damu, wakati mwingine yakiwa na soda au limau ndani, na majani unayatupa au unampa kuku. Kuku ndiye anayefaidi. Beta-karotini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo imebaki ndani ya jani. Rangi uliyokunywa si damu wala si vitamini A. Kula jani. Likate, litie kwenye sufuria yenye kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta kidogo, nyanya, funika, dakika chache tu liive likiwa bado la kijani. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa kila mlaji kinatosha kabisa kuisaidia beta-karotini ifyonzwe. Usipokuwa na mafuta, karanga zilizotwangwa zinafanya kazi hiyo, na tui la nazi vilevile. Bibi wa pwani anayepika kisamvu kwa nazi na wa bara anayepika majani ya maboga kwa karanga walikuwa wakifanya jambo sahihi muda mrefu kabla ya wataalamu kulieleza.

Mchicha, mnafu, majani ya kunde, sukuma wiki: sheria ni hiyohiyo. Usiuchemshe hadi uwe kahawia. Usipashe moto mara tatu. Na kama mnakausha mboga za kiangazi, kausheni kivulini au chini ya kitambaa. Jua kali huiunguza beta-karotini, na mboga inayobaki imepauka haina kubwa la kumpa mtoto zaidi ya kitoweo.

Viazi lishe ni zawadi. Ni vile viazi vitamu ambavyo nyama yake ndani ni ya rangi ya chungwa, mbegu kama Ejumula, Kabode, Mataya na Kiegea. Kiazi kimoja cha wastani kilichochemshwa kinatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwa siku nzima. Sokoni usidanganywe na ganda. Kuna viazi vyenye ganda jekundu ambavyo ndani ni vyeupe pe, na kuna vyenye ganda lililopauka ambavyo ndani vinawaka. Mwombe muuzaji akikate kimoja, au kwangua kwa ukucha. Kadiri rangi ya chungwa inavyokolea ndivyo vitamini inavyokuwa nyingi. Vichemshe na maganda yake, umenye baadaye. Kwa mtoto wa miezi saba viponde na kijiko cha maziwa au siagi ya karanga.

Mawese mekundu ya Kigoma, yanayopikiwa pia Burundi na Kongo, ni kati ya vyakula vyenye karotini nyingi kuliko vyote duniani. Vijiko viwili vya chai kwenye maharage ya mtoto mdogo vinatosha siku. Shida ni kwamba wapishi wengine huyaunguza kwenye karai hadi yapoteze wekundu, wakisema wanaondoa harufu. Kinachoondoka pamoja na harufu ni kile ulichokinunulia. Yatie mwishoni, moto ukiwa mdogo.

Embe na papai vina kiasi, si kingi kama watu wanavyodhani, lakini msimu wa embe mtoto hali kipande kimoja, anakula hadi viwiko vinachuruzika, na hapo kiasi kinajumlika. Karoti ni nzuri, ila ikatwe na ipikwe na mafuta. Ile ya kupamba wali vipande vitatu haihesabiki. Boga lenye nyama ya rangi ya chungwa ni zuri na watu wanalidharau. Rosela ina vitamini C, hivyo glasi yake pamoja na chakula inasaidia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa, lakini vitamini A hutaipata humo. Bitiruti nayo ni nyekundu kwa sababu zake mwenyewe. Haina vitamini A ya kutaja. Chai, hasa ya rangi iliyokolea, iwekwe mbali na mlo, kwa saa moja hivi, kwa sababu inazuia chuma.

Dagaa wasafishe vizuri lakini usiwatoe matumbo kama ni wadogo. Ini la samaki ndipo vitamini A ilipo.

Mafuta ya kupikia nayo yachunguze. Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazotaka mafuta ya kula ya viwandani yaongezwe vitamini A, na kwenye chupa pataandikwa hivyo. Adui yake ni mwanga. Mafuta ya kupima yaliyokaa kwenye dumu jeupe mlangoni pa duka, yakipigwa na jua tangu asubuhi, yanaweza kuwa yamepoteza sehemu kubwa ya kilichowekwa kiwandani. Nunua yaliyokaa ndani, na nyumbani uyaweke kabatini.

Maini na tahadhari yake

Maini yanastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndicho chakula kinachotajwa kwanza damu ikishuka, na ushauri huo una pande mbili. Kwa mtoto, msichana au mwanamume mwenye damu chache, kipande kidogo cha maini ya ng'ombe mara moja au mbili kwa wiki ni chakula bora kabisa: kina chuma kinachofyonzwa kirahisi, foleti, vitamini B12, na gramu 30 tu zilizopikwa zina retino inayozidi mahitaji ya mwanamke kwa siku tatu.

Kwa mjamzito, wingi huohuo ndio tatizo. Retino nyingi kupita kiasi, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Kikomo cha usalama kwa mjamzito ni uniti 10,000 kwa siku, na sahani moja ya maini inavuka hapo kwa mbali. Uingereza huwaambia wajawazito wasile maini kabisa. Nami naona, miezi mitatu ya kwanza yaache. Baada ya hapo, kama yanapatikana na unayapenda, kipande kidogo, si kila wiki, na umwambie muuguzi wako. Damu yako ijengwe kwa nyama, samaki, kunde, mboga za mafuta na vidonge vya kliniki. Beta-karotini ya mboga na viazi haina hatari hii, kwa sababu mwili hugeuza kiasi unachohitaji tu. Ukizidisha, viganja vitakuwa vya njano kidogo na macho yatabaki meupe. Kama macho nayo ni ya njano, hiyo si karoti. Nenda hospitali.

Kwa sababu hiyohiyo mjamzito asinunue vidonge vya vitamini A dukani, wala mafuta ya ini la samaki. Na msichana anayetumia dawa za kumeza za chunusi za jamii ya retinoidi asishike mimba akiwa anazitumia. Hizo ni ndugu wa vitamini A wenye nguvu mara nyingi zaidi. Mvutaji wa sigara naye asimeze vidonge vya beta-karotini. Majaribio makubwa yaliyowahusu wavutaji yaliona saratani ya mapafu ikiongezeka kwa waliovimeza. Chakula hakina shida hiyo.

Matone ya kliniki

Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A ya dozi kubwa mara mbili kwa mwaka. Tanzania hufanyika Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto. Kenya ni Mei na Novemba, wakati wa Malezi Bora. Mhudumu huchukua kidonge laini, hukata ncha yake kwa mkasi, hukiminya ndani ya mdomo wa mtoto. Cha buluu ni uniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu ni 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea. Hakikisha mtoto amemeza matone yote na yameandikwa kwenye kadi, kisha usikubali apewe tena wiki ileile mahali pengine. Kutapika au kichwa kuuma siku moja hutokea kwa wachache na hupita. Siku hiyohiyo mara nyingi hupewa dawa ya minyoo. Mpe, kwa sababu safura ikiendelea kunyonya damu utumboni, vitamini zote zinamiminika kwenye ndoo inayovuja.

Mama aliyejifungua zamani kidogo huenda anakumbuka kupewa kidonge hicho wodini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza dozi hiyo kwa mama, kwa hiyo usihangaike kuidai. Kinachomfikia mtoto ni maziwa yako. Yale ya kwanza, mazito ya njano, yana vitamini A nyingi kuliko yatakayofuata, na unjano wake ni karotini. Yasikamuliwe na kumwagwa kwa sababu ya maneno ya mtu.

Baada ya mwezi

Vidonge vya chuma usiviache. Vitamini A inakisaidia chuma kufanya kazi, haichukui nafasi yake. Meza kidonge chako na kitu chenye vitamini C, mbali na chai na maziwa, na mboga yenye mafuta iwe kwenye mlo wa kila siku. Lala ndani ya chandarua, maana malaria moja inavunja kazi ya wiki kadhaa.

Rudi kupima baada ya wiki nne, maabara ileile na kwa mashine ileile ikiwezekana, kwa sababu tofauti ya nusu pointi kati ya kituo na kituo ni kawaida. Kupanda kwa pointi moja kwa mwezi ni dalili njema. Endelea miezi mitatu zaidi ili akiba nayo ijae. Isipopanda, sasa una la kumwambia daktari: umemeza vidonge siku zote, mlo wako ni huu, macho jioni yako hivi, minyoo umetibiwa tarehe fulani. Mwombe aangalie kichocho, seli mundu, VVU, kifua kikuu, figo na damu inayopotea kwa hedhi au kwenye choo. Nenda na kadi yako ya kliniki, na pakiti ya vidonge ulivyobakiza.